Sifa na Shahamu

Wazee wetu wa pwani, waliojua kwamba bahari haimwonei haya mtu wala chombo, walikuwa na desturi ya kulipandisha jahazi mchangani wakati wa bamvua, na maji yakiisha kutoka hulikwangua tumbo lake hadi mbao zikaonekana, wakazipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa mahali palipokaa majini, na juu yake wakapaka mafuta ya papa yaitwayo sifa, ambayo harufu yake, Mungu anisamehe, haikupata kusifiwa na mtu yeyote. Utotoni nilidhani hiyo ni shughuli ya watu waliokosa safari. Umri wangu mwingi umepita kabla sijafahamu, tena nikafahamishwa na magurudumu manne ya gari kuukuu, kwamba mabaharia wale waliokuwa wakiinama chini ya jahazi walikuwa wakisafiri tayari.

Gari langu lilitoka Japani likiwa limekwisha tumiwa, kama yatokavyo mengi yashukayo bandarini Kilindini, na kwa kuwa Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, lilifika likiwa na umri wa kutosha kuwa na tabia za watu wengine. Rimu zake ni za aloi, yaani alumini iliyotiwa silikoni kidogo na magnesi kidogo zaidi ili iwe ngumu bila ya kuwa nzito. Wepesi huo ndio uliompendeza Ettore Bugatti, ambaye mwaka 1924 alipeleka Lyon, Ufaransa, magari ya mashindano yenye magurudumu ya alumini ya kusubu, ngoma ya breki ikiwa imesubiwa pamoja na gurudumu lenyewe. Lakini madini haya mepesi yana udhaifu wake. Yakikwaruzwa na ukingo wa barabara, vanishi ikafunguka japo kwa upana wa ukucha, hewa ya chumvi ya Mombasa huingia chini yake na kuchora vijia vyeupe mfano wa njia za minyoo, na anayeviona leo hujua kwamba kesho vitakuwa virefu zaidi.

Fundi niliyempelekea alizivua rimu rangi ya zamani, akazipiga msasa, akazipaka rangi ya unga na kuioka katika joto la digrii 200 hivi, kisha akazifunika kwa vanishi. Moja ilikuwa na ufa, nami nikamwomba auchomee. Alikataa katakata, akaniambia nitafute nyingine, kwa maana hakutaka kulala usiku akiufikiria ufa ule ukiwa njiani na watoto wangu juu yake. Bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu amkumbuke punda kwa mapenzi. Nilidhani sasa atanikabidhi mali yangu, ilhali yeye alizilaza rimu juu ya magazeti siku kadhaa, hata vanishi ilipokauka barabara akachukua kitambaa laini na kopo la nta, akaanza kuzipaka, tena akaanzia upande wa ndani. Ajizi na haraka ni ndugu kwa mtu wa hirimu yangu. Nikamwuliza ni nani atakayeuona upande huo.

“Maalim,” akasema bila ya kuinua uso, “breki inakaa upande gani?”

Jawabu hilo lilinipeleka kujifunza jambo ambalo nilikuwa nikilikanyaga kila siku kwa mguu. Gari likimbiapo hubeba nguvu isiyoweza kutoweka bure. Dereva agusapo breki, pedi mbili huibana diski ya chuma cha kusubu kama koleo libanavyo kaa, mwendo ule hugeuka kuwa joto, na katika kusuguana huko pedi hupungua na diski hupungua, na kilichopungua ndicho vumbi lile jeusi ambalo wengi hudhani ni la barabarani. Magurudumu ya mbele hulipata kwa wingi zaidi, kwa sababu gari lisimamapo uzito wake huinamia mbele, na breki za huko hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ashukaye Mazeras kuelekea Mombasa nyuma ya lori lililosheheni hulinusa hata kabla ya kuliona. Kwa hiyo mtoto aliyekatiza barabara asidhurike, mbuzi aliyebadili shauri katikati ya njia, na matatu iliyosimama ghafula kupakia abiria kana kwamba lami ni ua wa nyumbani kwao, wote wameacha alama zao katika rimu zangu. Tangu nilipolifahamu hilo sikuweza tena kulichukia vumbi hilo; ni zaka itolewayo na chuma kwa ajili ya salama yetu.

Lakini zaka nayo haiachwi mlangoni ikaoza. Chembe za chuma hutoka katika breki zikiwa na moto na ncha, zikajishika katika vanishi. Unyevu na chumvi huzitia kutu, na chembe ishikwayo na kutu huvimba, ikaitanua nyumba ilimokaribishwa. Baada ya muda huonekana vitone vya rangi ya kahawia ambavyo sabuni haiviondoi. Hapo ndipo nilipotenda taksiri ambayo ningali naionea haya: kabla ya kumjua fundi huyu, nilinunua dawa kali yenye asidi, nikaimimina juu ya rimu zilizotoka safarini zikiwa na moto, nikaenda kunywa chai. Niliporudi vitone vilikuwa vimekwenda, na mng’ao ulikuwa umekwenda navyo.

Fundi alinifundisha adabu nyingine. Rimu huachwa zipoe mpaka kiganja kiweze kutulia juu yake. Huoshwa moja baada ya moja, kwa maji tele kwanza, kisha sabuni laini na brashi laini, kwa ndoo yake yenyewe isiyochovywa kitambaa cha mwili wa gari, madhali chembe zilizotoka gurudumuni huchora rangi ya mlango kama kalamu. Vumbi kavu halipulizwi kwa kompresa, kwani pua ya mwanadamu haikuumbiwa chuma, na pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Ipo dawa ya upole ambayo ikikutana na chembe za chuma hugeuka rangi ya zambarau na kutiririka. Mara ya kwanza nilishtuka, nikidhani nimeijeruhi rimu.

Kisha huja nta, na juu ya nta nakiri kwamba sina insafu. Ziko dawa za kisasa ambazo hukauka zikawa ngumu mithili ya kioo, zikadumu miezi mingi, na fundi mwenyewe huziuza. Nta ya mkanauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, haistahimili joto lipitalo digrii 80 na kidogo, nayo breki iliyotumika sana hulipita joto hilo pasipo taabu, hata baada ya wiki chache tu hulazimu kuipaka upya. Mimi naipenda kwa kasoro hiyohiyo. Hunirudisha chini kila mara, nikichuchumaa uani asubuhi ya Ijumaa, nikipaka dhahiri ya rimu na batini yake, mkono ukijihadhari na diski, ambayo haifai kuonja mafuta hata tone, hata maji yamwagwapo yakajikusanya kuwa shanga na kukimbia. Jirani yangu hucheka. Husema gari halina macho.

Juzi nilipita gerejini kwa shughuli nyingine. Salamu yangu fundi aliijibu akiwa amekwisha chuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Akapenyeza mkono, akapitisha kidole upande wa ndani, akakitoa, akakitazama juani kwa muda, akakipangusa katika ovaroli. Kisha akamwita kijana wake alete kahawa, vikombe viwili.