Begi Wazi Mpakani

Naandika kutoka Horohoro. Huku kwetu mtoto anaijua forodha kabla hajajua kusoma. Basi linatoka Mombasa kwenda Tanga, abiria wanashuka, mabegi yanafunguliwa, na wapo wanaoendelea na safari wakiwa wameacha kitu nyuma. Nimekuja kuona kwamba hata hadithi za watu hupita hivyohivyo. Leo nataka kuchambua bendi mbili za roki kwa jicho hilo. Sababu yangu nitaisema mwishoni.

Ya kwanza ni Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mtoto wa hapa jirani. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Akasomeshwa India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor, na jina la Queen akalichagua yeye. Maana yake ni malkia, lakini mitaani kwao lilikuwa pia jina la kumsema mwanamume anayependa wanaume. Freddie alilijua hilo. Akalibandika mlangoni, halafu kwa miaka ishirini akawa anayakwepa maswali ya waandishi wa habari. Kwamba ana UKIMWI alikuja kutangaza tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake akafariki, ana miaka 45.

Mwaka huohuo wa 1991, huko San Francisco, Marekani, Jon Ginoli na Chris Freeman wakaanzisha bendi ya Pansy Division. Hawa ni watu wa panki: magitaa ya kasi, nyimbo fupi, hakuna mbwembwe. Pansy ni ua, na ni tusi kwa mwanamume anayeonekana laini. Wao wakaliokota tusi, wakalichezesha na jina la vikosi vya vifaru vya Wajerumani, wakajiita hivyo. Tangu albamu ya kwanza, 1993, waliimba mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume waziwazi, tena kwa utani. Mwaka 1994 Green Day, waliokuwa wanawika kwelikweli, wakawachukua kwenye ziara wawe wanatangulia jukwaani. Wapo vijana waliowazomea na kuwarushia vitu. Jamaa wakaendelea kupiga.

Kimuziki sitaki ubishi: Queen wako juu. Pansy Division nyimbo zao nyingine zinafanana, na utani ukirudiwa sana unachosha. Lakini sisi tunaotaka kuandika tusikilize jambo moja. Mtu anayeimbwa na Pansy Division ana chumba, ana wivu, ana jinsia. Anayeimbwa na Freddie mara nyingi ni "wewe" tu, anaweza kuwa yeyote, na ndiyo maana uwanja mzima unaimba pamoja naye. Waswahili tunaifahamu mbinu hiyo. "Yeye" wetu hana uke wala uume, na mpenzi wa kwenye taarabu anaweza kuwa nani sijui. Ni kificho kizuri. Kimeokoa watu wengi, na nyimbo nzuri zimezaliwa humo. Ila kificho kina ubaya wake: ukishakufa, wengine ndio wanaamua ulikuwa nani.

Angalieni yaliyompata Freddie. Mwaka 2006 palipangwa sherehe Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, sherehe ikafutwa. Mwaka 2018 ikatoka filamu, Bohemian Rhapsody. Humo Freddie anawaambia wenzake kuhusu ugonjwa kabla ya onyesho la Live Aid, Julai 1985. Lakini mwenzi wake, Jim Hutton, ameandika kwamba majibu ya vipimo yalikuja 1987. Filamu inasema pia kwamba bendi ilikuwa imevunjika, wakati Mei ya mwaka huohuo wa 1985 Queen walikuwa wanapiga Japani. Kwa nini wazisogeze tarehe? Mimi naona walitaka aadhibiwe kwanza, ndipo tumshangilie. Kisha filamu hiyo ilipofika China, 2019, vipande vya mapenzi yake vikakatwa. Kila forodha inachukua chake. Novemba 2019 Mji Mkongwe ukapata makumbusho yake, nami nafurahi kwamba walau mtoto karudi nyumbani.

Pansy Division hawakupata viwanja. Lakini Ginoli aliandika mwenyewe kitabu cha maisha ya bendi, 2009, na hakuna wa kuja kutuambia walikuwa wanamaanisha kitu kingine.

Sasa sababu yangu. Nina muswada wa riwaya, madaftari manne. Ndani yake yumo Salimu, fundi cherehani, anayeshona magauni ya maharusi na kupendwa na akina mama wote wa mtaa. Wanamwita shoga. Neno hilo huku pwani mwanamke humwita mwenzake wa karibu, nalo hilohilo likielekezwa kwa mwanaume linageuka jiwe. Rafiki yangu alisoma akaniambia, "Mtoe huyu, bwana, utajiletea balaa." Hakusema uongo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela, na hata riwaya tu inaweza kumfanya mtu anyooshewe kidole. Nikamtoa, kurasa kumi na moja.

Hadithi ikachechemea. Ile harusi ya sura ya tano ina gauni lisilo na fundi, na bibi harusi analia bila wa kumfuta machozi. Mwezi mzima nilijaribu kumwazima shangazi afanye kazi ya Salimu. Hawezi, maana Salimu alimpenda mtu mle harusini, naye alikuwa bwana harusi.

Jana nimezitoa zile kurasa chini ya godoro. Nimeanza kuzinakili upya, na jina la anayempenda nimeliandika lote.