Adui Asiye na Uso: Black Panther Ikisomewa Bwaise

Mfululizo wa Black Panther ulioandikwa na Eve L. Ewing na kuanza kutolewa mwaka 2023 unamwonyesha T'Challa akiwa nje ya kiti cha enzi na kumficha Birnin T'Chaka, mji wa Wakanda wenye magenge ya wahalifu. Ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa Wakanda imezoeleka kutazamwa kutoka ikulu.

Hata hivyo, hadithi hiyo ikisomewa Bwaise, bondeni karibu na mfereji wa Lubigi, pengo lake hujitokeza. Genge lina mkuu, na mkuu ana uso wa kupigwa ngumi. Maji yanayoingia nyumbani baada ya mvua hayana uso. Yanatokana na kinamasi kilichojengwa, mitaro iliyozibwa na taka na maamuzi yaliyopitishwa kwingine. Nguvu za ajabu hazina pa kushika hapo.

Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010 na kugawiwa bure, lilikaribia zaidi. Boyie ana redio isiyo na kibali tu, anayorushia matangazo chumbani mwake. Ushujaa wake ni kuwafikishia wenzake habari. Lakini Sheng yake ni ya Nairobi, nayo humwacha nje msomaji aliyelelewa kwa Kiganda. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi huyo wa Bwaise atahitaji cha kusoma akishatoka darasani, na mtaro wa mlangoni kwao bado haujachorwa.