Macho ya Mgeni: Carl Heinrich Becker, Mwalimu wa Islamu na Waziri wa Masomo

Wazee husema: mgeni ana macho makubwa, lakini haoni. Tupime methali hiyo kwa Mjerumani mmoja, Carl Heinrich Becker. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1876, mtoto wa mwenye banki. Akasoma lugha za Mashariki, akawa mwalimu mkubwa wa elimu ya Islamu, kiisha akawa waziri wa masomo wa Prussia, jimbo kubwa kuliko yote ya Ujerumani. Kwa nini tumwandike katika kitabu cha mila? Sababu alipima mila za wengine, hata za jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na mtu anayepima mila za wenzake, inaomba naye apimwe.

Tuanze na sifa zake, maana ni za kweli. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya waliitazama Islamu sawa kitu cha pembeni, dini ya jangwa isiyobadilika. Becker alikataa. Alionyesha kwamba Waislamu walirithi elimu ya Wagiriki wa zamani, kama vile Wazungu walivyoirithi. Kwake yeye, bila Alexander Mkubwa ustaarabu wa Islamu usingekuwa vile ulivyo. Mwaka 1910 alianzisha gazeti la elimu, Der Islam, ambalo linatoka mpaka leo. Makala zake alizikusanya katika Islamstudien, kitabu cha kwanza 1924, cha pili 1932. Hapo mgeni aliona vizuri. Penye wengine waliona ukuta, yeye aliona udugu.

Lakini kuna upande wa pili. Tangu 1908 Becker alifundisha Hamburg, katika chuo kilichotayarisha watu wa kwenda kutawala makoloni. Watawala hao walikuwa na woga. Vita vya Maji Maji (1905-1907) vilikuwa vimeisha juzi tu, na mwaka 1908 barua iliyosemwa kwamba imetoka Makka ilizunguka katika koloni yao ya Afrika Mashariki. Wakauliza: je, Islamu ni hatari? Becker akajibu kwamba si hatari yenyewe, kama serikali inaijua na kuiongoza kwa akili. Mwaka 1911 akatoa makala ndefu juu ya vitabu na maandiko ya Waislamu wa koloni ile. Makala hiyo inafaa mpaka leo, maana inatuonyesha watu wale walisoma nini. Lakini angalia ulizo linalotangulia: mtawala atapata amani namna gani? Ulizo la mwalimu wa chuo mwenyewe, yule anayekaa na watoto na ubao wao, linakuja nyuma, kama linakuja.

Hilo linatugusa, sababu Islamu na Kiswahili vilifika Nyangwe na Kasongo kwa njia ileile ya Ujiji, mji uliokuwa katika koloni hiyo.

Vita vya 1914 vikaonyesha ubaya wa ulizo hilo. Sultani wa Waturuki, rafiki wa Ujerumani, alitangaza jihadi. Mholanzi Snouck Hurgronje, mwanachuoni mwenzake Becker, akaandika kwamba jihadi hiyo imetengenezwa Ujerumani. Mwaka 1915 Becker akamjibu, akatetea serikali yake. Kumbe elimu iliyoonyesha udugu, sasa inabebeshwa bunduki.

Mwaka 1916 aliingia katika wizara ya masomo. Alikuwa waziri muda mfupi mwaka 1921, tena kutoka 1925 mpaka 1930, bila kuwa mtu wa chama. Hapa mimi namsifu wazi. Zamani mwalimu wa shule ya msingi alitayarishwa kando, bila kumaliza shule ya sekondari. Becker akafungua vyuo vipya vya walimu, vya kwanza mwaka 1926 huko Bonn, Kiel na Elbing, na aliyetaka kuingia alipashwa kwanza kumaliza sekondari. Maana yake: anayemfundisha mtoto mdogo astahili heshima ya msomi. Mwaka 1927 vyama vya wanafunzi vya vyuo vikuu vilikataa kuacha ushirika na wale waliowafukuza Wayahudi. Becker akaviondolea kibali cha serikali. Alijua atachukiwa, akafanya.

Mwaka 1931 Shirika la Mataifa lilimtuma China pamoja na Mfaransa Langevin, Mwingereza Tawney na Mpolandi Falski. Taarifa yao ya 1932 iliwaonya Wachina wasiige tu shule za Marekani, bali wajenge masomo juu ya mila zao wenyewe. Maneno mazuri sana! Lakini nani aliwaambia hivyo watu wa Tanga, Tabora na Ujiji miaka ishirini mbele? Si Becker. Mchina alikuwa na dola, Mwafrika alikuwa na bwana. Tofauti iko hapo, haiko katika elimu. Becker alikufa Februari 1933, siku chache baada ya Hitler kushika serikali.

Basi methali yetu inaomba kusahihishwa kidogo. Mgeni huyu aliona mengi. Shida ilikuwa ni nani amemtuma kutazama. Na sisi tusicheke haraka. Vijana wetu wanapokwenda kwa wazee na daftari, kukusanya methali na desturi, mara nyingi wanatafuta diploma au pesa ya mradi. Mzee anajibu, daftari linajaa, kijana anarudi mjini. Siku nyingine, kabla ya kufungua daftari, tumuulize mzee kwanza: baba, wewe mwenyewe unataka watoto wajue nini? Ulizo hilo Becker aliwaletea Wachina akiwa amezeeka. Sisi tunaweza kuanza nalo leo.