Pini Zenye Kutu

Pini ndizo hutolewa kwanza. Karatasi za miaka ya sabini zilibanwa kwa pini za chuma, na hewa ya Mwanza yenye unyevu wa ziwa imezila pini hizo mpaka zimegandana na karatasi. Ukivuta, unang'oa na maneno. Mama mtunza kumbukumbu ninayemtazama havuti. Anapenyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, upande wa juu, kisha upande wa chini, ndipo anaikata kwa koleo ndogo na kuviondoa vipande kimoja kimoja. Vumbi la kutu analifagia kwa brashi laini, kutoka katikati ya karatasi kwenda pembeni. Akifagia kwenda ndani, vumbi litaingia kwenye nyufa na kuendelea kula humo.

Jalada lililo mbele yake ni la mahabusu, na ni la miaka ambayo watu wazima wa mikoa hii hawaisahau. Mwaka 1976, Mwanza na Shinyanga, serikali iliendesha msako wa kuwakamata waliokuwa wakiua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Mauaji yalikuwa ya kweli na ya kutisha. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi aliweza kuuawa kwa sababu ya macho hayo. Lakini dola ilipoingia, watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa ili waungame, na wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 viongozi waliwajibika: Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Kujiuzulu kwa Mzee Mwinyi kunatajwa hadi leo kila inapozungumzwa habari ya uwajibikaji, na kunastahili kutajwa. Alikwenda Misri kuwa balozi, akarudi, na mwaka 1985 akawa Rais. Waliopigwa hawatajwi. Majina yao, pale yalipoandikwa, yamo kwenye karatasi za aina hii.

Baada ya pini, Mama anahesabu. Kila karatasi ina namba yake ya folio kwenye kona ya juu kulia, kwa wino mwekundu, na mpangilio huo hauguswi hata kama unaonekana umekosewa. Nakala za kaboni ndizo zinazomsumbua zaidi: karatasi nyepesi sana, herufi za taipureta zimetoboa tundu palipo na "o". Mtu fulani zamani aliziunga kwa selotepu. Gundi yake imegeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Utepe wenyewe umekauka, anaunyanyua kwa ncha ya kisu butu, nukta kwa nukta, huku ameshika pumzi.

Kisha anafika kwenye karatasi iliyochanika kuanzia ukingoni, na mchano umeishia karibu kabisa na alama ya dole gumba. Ni maelezo ya mtu asiyejua kuandika. Karani aliandika, mwenyewe akabonyeza dole kwenye kidau cha wino wa zambarau, wino ule ule wa mihuri. Mistari ya ngozi inaonekana yote, na katikati ina kovu lililopita kama kijia, kovu la jembe au la kisu, la mtu aliyefanya kazi kwa mikono.

Mama anachovya kijiti chenye pamba kwenye maji, anakikamua, anagusa ukingo wa doa dogo la wino huo lililo mbali na alama yenyewe. Pamba inageuka zambarau. "Umeona, mwanangu? Huyu hapendi maji. Nikipaka gundi kama kawaida, dole linaondoka."

Gundi yake ni wanga wa ngano, aliousafisha na kuupika mwenyewe polepole huku akikoroga, akauchuja mara kadhaa mpaka ukawa laini. Ameichagua kwa sababu haina ukali wa kula karatasi, na kwa sababu siku ikihitajika mwingine anaweza kuilainisha na kuitoa bila kuacha jeraha. Kiraka ni karatasi ya Kijapani inayotengenezwa kwa nyuzi za mti wa kozo, nyembamba kama utando wa ndani ya yai. Haikati kwa mkasi. Anachora mstari wa maji kwa brashi ndogo, anavuta taratibu pande mbili, na ukingo unaachana ukiwa na manyoya marefu ya nyuzi. Manyoya hayo ndiyo yanayoshika. Ukingo wa mkasi ungekuwa ukuta, na karatasi ya zamani ingekuja kuvunjika tena pale pale.

Hapa sasa ndipo nilipomvulia kofia. Anapaka wanga kwenye kiraka, si kwenye karatasi. Anakilaza kiraka juu ya karatasi ya kunyonya maji, anasubiri, anakihamishia sehemu kavu, anasubiri tena. Anakigusa kwa mgongo wa kidole. Bado. Anarudia. Unyevu ukizidi, wino utatawanyika. Ukipungua, kiraka hakitashika, na hakuna kipimo cha kumwambia zaidi ya ngozi yake. Nje bodaboda zinapiga honi, kuna mtu anamwita mlangoni kwa habari ya chai, haitiki. Kisha kwa kibano anakinyanyua kiraka na kukiteremsha kando ya mchano kwa mkupuo mmoja, kikiishia nafasi ya punje ya mchele kabla ya dole. Juu yake kitambaa kisichogandana na gundi, juu yake karatasi kavu ya kunyonya, juu yake jiwe bapa la kando ya ziwa alilolifunga kwa kitambaa cha pamba. Nilipoinama kutazama baadaye, mistari ya dole ilikuwa yote, na kovu lake.

Nilimuuliza kama husoma yaliyoandikwa.

"Nasoma ya kutosha kujua karatasi inakaa wapi. Mengine ni yao."

Siyo kwamba hajali. Anajua kwamba maungamo ndani ya majalada ya namna hii yanaweza kuwa yametolewa kwa kipigo, na kwamba msomaji wa kesho anaweza kuyachukua kama yalivyo. Kama karani wa zamani alimwita mtu "muuaji" kabla ya hukumu yoyote, neno hilo linabaki. Kulifuta kungekuwa kuficha kosa la karani. Lakini katika maelezo anayoyaandika yeye, kwa penseli, mtu huyo ni mahabusu, na tarehe ya kukamatwa kwake inatajwa, na kama jalada linataja hospitali au kifo, hilo nalo linatajwa. Nadhani adabu kubwa ya kazi yake imo humo, kuliko hata kwenye viraka.

Ng'ambo ya maji, Sengerema, ipo sanamu ya kuwakumbuka watu wenye ualbino waliouawa na kushambuliwa, pamoja na majina yao. Kila nikiiwaza huona ilivyo sawa kwamba majina yako hadharani, penye njia ya watu. Ila jina haliwezi kuchongwa popote kabla halijapatikana, na huku kwenye majalada jina hupotea kirahisi. Si kila karani alikuwa Msukuma. Ng'wandu aliandikwa Mwandu, kesho yake Ngwandu, na mtu mmoja akawa watatu.

Kwa hiyo kazi yake ya mwisho kwa kila jalada ni faharasa. Anaandika kila jina kama lilivyoandikwa, chini yake namna nyingine linavyoweza kuandikwa, halafu kijiji, halafu namba ya folio. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa nyaraka za umma kufunguliwa kwa wasomaji, na muda huo kwa majalada haya umekwisha pita. Mjukuu akija na jina la babu na jina la kijiji tu, bila namba ya kesi wala mwaka, Mama anataka aweze kumpeleka moja kwa moja mpaka kwenye dole gumba lake.

Jalada lililofuata lilikuwa na pini kumi na moja. Alizihesabu, akasogeza taa, akachukua kile kipande cha plastiki.