Mpangaji Asiyesikika katika "Tumbo Lisiloshiba"

Hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", ndiyo iliyoupa jina mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, nao ukatahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kuanzia 2018 hadi 2022. Uhakiki wa darasani umeishia kulitazama lile Jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kufagia vyakula vyote, kabla ya mabuldoza kuishukia Madongoporomoka. Istiari hiyo haina ila: tumbo ni mji unaopanuka, na chakula ni ardhi ya wanyonge. Mtahiniwa yeyote aweza kulieleza hilo katika nusu ukurasa, na pengine ndiyo sababu swali la ufaafu wa anwani hupendwa mno na walimu.

Lisilozungumzwa ni umiliki. Mgogoro wa hadithi umejengwa juu ya uamuzi mmoja: wakazi wakatae kuiachia ardhi yao, wala wasikubali kung'oka hata vibanda vibomolewapo. Uamuzi huo ni wa mwenye chake. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambayo ndiyo humjia akilini msomaji wa Kenya asomapo hadithi hii, walio wengi sana ni wapangaji, na mpangaji hana ardhi ya kukataa kuiuza. Kodi ikichelewa, mwenye ploti humfungia chumba kwa kufuli lake, au huung'oa mlango, pengine hata mabati ya paa, buldoza halihitajiki. Jitu la namna hiyo ni jembamba, hukaa jirani, na yamkini nalo hunywa chai kwa Mzee Mago. Kwa kuwakusanya wakazi wote katika sauti moja, mwandishi amepata nguvu ya upinzani, lakini amelificha tabaka lililomo ndani ya tabaka. Kasoro hii si yake peke yake. Katika *Chozi la Heri*, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotahiniwa miaka hiyo hiyo, anayeililia nyumba ni Ridhaa, daktari na mwenye mali.

Pengo la pili ni mtoto wa shule. Mnamo Julai 2018, mwaka ule ule hadithi ilipoanza kutahiniwa, nyumba zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha ile ya Ngong na ile ya Lang'ata. Makadirio yalitaja watu wapatao 30,000 walioachwa bila makao. Shule kadhaa zilianguka pamoja na nyumba, kwani nyingi za shule hizo husimama juu ya ardhi ile ile isiyo na hati. Katiba ya 2010 imeyaweka makao katika Kifungu cha 43 na elimu ya mtoto katika Kifungu cha 53. Tingatinga halina vifungu. Na hata shule inaposalimika, mzazi mpangaji hufuata kodi nafuu mtaa wa mbali, na mtoto huanza upya kwa mwalimu asiyemjua, mara nyingi katikati ya muhula.

Mwalimu atakayeirudia hadithi hii, na astahili kuirudia, angeanza vyema kwa kuwauliza wanafunzi ni nani Madongoporomoka anayelipa kodi, na ni nani anayeipokea.