Kowalski Alikufa Bure

Kama hujaiona Gravity, ishia hapa, maana nitasema nani anakufa.

Mara ya kwanza niliiona peke yangu kwenye laptop, nikalia. Juzi nimeirudia hapa Kayanga, kwenye banda la video, kopi iliyotafsiriwa na DJ. Safari hii nimecheka, na kicheko hicho bado kinaniuma.

Filamu hii ya Alfonso Cuarón ilitoka 2013, ikabeba tuzo 7 za Oscar. Dkt. Ryan Stone (Sandra Bullock) na mwanaanga mkongwe Matt Kowalski (George Clooney) wako kazini kwenye darubini ya Hubble, mara vipande vya setilaiti iliyolipuliwa vinasambaratisha chombo chao. Wanabaki wawili, wamefungana kamba, wakielea kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Tundu la kwanza ni hapo. Hubble iko juu zaidi ya kituo, kilicho kama kilomita 400 juu, na njia zao za kuizunguka dunia zimeinama tofauti kabisa. Mei 2009, NASA ilipotuma chombo cha Atlantis kuikarabati Hubble, iliweka kingine, Endeavour, tayari kwa uokoaji, kwa sababu Atlantis ikiharibika isingeweza kufika kituoni. Kowalski yeye anafika kwa mtambo wa mgongoni!

Hilo nalisamehe. Ni kama sungura wa kwenye ngano za bibi: bila yeye kuongea hakuna hadithi, na hakuna mjukuu aliyewahi kuuliza kajifunzia wapi.

La pili silisamehi. Wanafika kituoni kwa kasi, mguu wa Stone unanaswa na kamba za parachuti, naye anamdaka Kowalski kwa kamba yake. Wanasimama. Ndipo Kowalski anasema amwachie, la sivyo watakufa wote. Anajifungua, anapotelea gizani.

Sasa kinachomvuta ni nini? Pale haning'inii kama mtu aliye kwenye mwamba. Stone angevuta kamba kidogo tu, Kowalski angemjia taratibu kama mtumbwi unaovutwa ufukweni.

DJ naye aliona pengo, akaliziba: "Upepo mkali unamvuta!" Kijana mmoja wa nyuma akadakia: "Si umesema huko hakuna hewa?" Banda zima likaangua kicheko. Mtu anakufa, sisi tunacheka.

Wapo watakaoitetea: Kowalski mwenyewe anasema kamba zimelegea. Sawa, lakini kamba kulegea hakumsukumi mtu aliyekwisha kusimama. Kama walikuwa bado wanakwenda, tungeonyeshwa mwendo huo waziwazi. Sekunde chache zingetosha.

Na si suala la fizikia tu. Stone amefiwa na binti yake, hana hamu ya kuishi. Sehemu nzima ya filamu inayobaki inategemea kifo hiki kimfundishe kung'ang'ania uhai. Ukishaona kwamba Kowalski hakuuawa na anga bali na mwandishi aliyetaka kumwondoa, machozi yanakauka. Tundu la kwanza ni kubwa zaidi, ila halikumgusa mtu. Hili dogo limekaa palepale tulipotakiwa kuumia.

Sidhani yule kijana alikuwa anapiga hesabu za kilomita. Alikuwa anasikiliza tu, akakumbuka alichoambiwa dakika chache nyuma. Sisi tunaoandika tunamwandikia yeye.