Nani Atampiga Nani

Kutabiri pambano la ngumi ni kazi ya uhakiki, ingawa wanaoifanya hapa Mishamo hawajapata kuiita hivyo. Mhakiki wa kitabu husoma kitabu kilichokwisha kuandikwa. Mtabiri wa ngumi hukihakiki kitabu ambacho hakijaandikwa bado, kwa kutazama yale ambayo waandishi wake wawili waliyaandika zamani, kila mmoja kivyake. Kazi yake kwa hiyo ni ngumu kuliko ya yule wa kwanza, na ajabu ni kwamba huifanya kwa haraka zaidi. Nimesikiliza utabiri kwa miaka mingi, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye mabanda ya video na kwenye foleni ya malipo ya tumbaku. Hapa nataka kueleza ni wapi, kwa maoni yangu, watabiri wetu hupotea njia.

Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao. Agosti 2021 Twaha Kassim wa Morogoro, ambaye nchi nzima humwita Kiduku, alimshinda Dullah Mbabe kwa pointi, ikiwa ni mara ya pili, kwani alikuwa amemshinda vilevile Agosti 2020. Siku chache baadaye, tarehe 3 Septemba 2021, Hassan Mwakinyo wa Tanga akamsimamisha Julius Indongo wa Namibia katika raundi ya nne jijini Dar es Salaam, katika pambano la mkanda wa ABU. Indongo hakuwa mtu wa kuokotwa. Aliwahi kuwa bingwa wa dunia, na mwaka 2017 alipanda ulingoni na Terence Crawford kugombea mikanda minne kwa usiku mmoja. Basi nchi ikawa na wanaume wawili, kila mmoja akiwa juu, na neno likawa moja: wakutanishwe. Hawakukutana mwaka ule wala uliofuata. Lakini hapa Mishamo walikwisha pigana mara mia, na matokeo yakatofautiana kwa kadiri ya msemaji.

Msomaji asiyeijua Mishamo aelewe kwamba sisi hatukuwa na sababu ya kumpendelea yeyote. Tanga si kwetu, wala Morogoro. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Baba yangu aliletwa hapa kutoka Ulyankulu, Tabora, akakata miombo na kupanda mihogo, na mimi nikazaliwa nikiitwa mkimbizi katika nchi pekee niliyoijua. Vyeti vya uraia vilitufikia mwaka 2014. Mtu angetarajia kwamba watu wa namna hii, walio mbali na bahari na mbali na milima ya Uluguru, wangekuwa waamuzi wasio na upande. La hasha. Kijiwe kizima kiligawanyika siku ileile, tena kwa ukali ambao sijauona hata katika mambo ya Simba na Yanga.

Nilichunguza mgawanyiko huo, nikaona hauna uhusiano na ngumi hata kidogo. Waliomchagua Mwakinyo walimchagua kwa sababu ya Birmingham. Tarehe 8 Septemba 2018 kijana huyu wa miaka 23, aliyeitwa kuziba nafasi bila muda wa kutosha wa kujiandaa, alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya Waingereza wenzake. Eggington alikuwa amewahi kuwa bingwa wa Ulaya, na huyu mgeni alikuwa ameletwa ili apigwe. Mtu aliyeletwa ili apigwe akapiga! Hadithi hiyo hapa kwetu haihitaji mkalimani. Waliomchagua Kiduku nao walisema huyu hakwenda popote kutafuta jina, amepigana nyumbani, mbele ya watu wake, na mpinzani wake mkubwa amempiga mara mbili ili pasiwe na ubishi. Wengi wetu tulichagua kubaki na kuomba uraia. Wengine, wakiwamo ndugu zetu wa tumbo moja, walirejea Burundi. Sitashangaa kama kila mtu alikuwa akimchagua bondia aliyefanya kama alivyofanya yeye, au kama alivyotamani angefanya.

Sisemi mapenzi ni dhambi. Nasema si utabiri. Na tangu kamari ya simu iliposhika, tofauti ya mambo hayo mawili imekuwa na bei. Mpwa wangu mmoja aliwahi kuweka kwenye mkeka sehemu ya fedha ya tumbaku iliyokuwa ya mbolea ya msimu uliofuata, kwa pambano la watu ambao hakuwahi kuwaona wakipigana hata dakika tatu. Nilipomwuliza alijuaje, alinijibu, “Mjomba, tazama rekodi yake.” Mkeka ulichanika. Shamba lile lilizaa majani membamba mwaka ule, na dada yangu hakuzungumza naye hadi kiangazi.

“Tazama rekodi yake.” Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Rekodi ni maandishi, na maandishi yana namna zaidi ya moja ya kusomwa. Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa nchi iliyoitwa Zaire, jijini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, na 37 ameyamaliza kwa kuangusha watu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na amekwisha kupoteza kwa Joe Frazier na kwa Ken Norton. Kisasi alikuwa amelipa kwa wote wawili, ila kwa taabu na kwa pointi. Foreman yeye aliwamaliza wote wawili ndani ya raundi mbili, Frazier mwaka 1973 na Norton Machi 1974. Kwa hesabu ya nani alimpiga nani hapakuwa na swali. Wapo waandishi waliokuwa na hofu kwamba Ali angeuawa.

Pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri ya Kinshasa, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, watu wakienda mashambani. Baba alikuwa akitusimulia kwamba habari ilipofika kwa redio kule Ulyankulu, wazee waliikataa, wakasema mtangazaji amegeuza majina.

Lakini hebu tuisome upya rekodi ileile. Tangu mwaka 1972 uanze, Foreman alikuwa amepigana mara nane, na hakuna hata mara moja alipovuka raundi ya pili. Watabiri waliona humo nguvu, na nguvu ilikuwamo kweli. Hawakuona kwamba mtu huyo, kwa karibu miaka mitatu, hakuwa ameiona raundi ya tano. Hakuna aliyejua angepumuaje katika raundi ya sita kwenye joto la Kinshasa, baada ya kumpiga mtu kwa nguvu zake zote na mtu yule akabaki wima, tena akimnong'oneza maneno sikioni. Ali ndiye aliyesoma ukurasa ule mtupu. Akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha mwenzake atoe vyote alivyokuwa navyo, na katika raundi ya nane akamlaza chini. Rekodi iliyomfanya Foreman aonekane hashindiki ndiyo iliyosema atashindwaje.

Kwa hiyo ninapomtazama bondia siulizi ni wapi aling'aa. Pale anapong'aa, mpango wake umekubali, na mpango ukikubali kila mtu ni hodari. Natafuta pambano lake baya, lile ambalo mashabiki wake hawapendi kulitaja. Natazama alifanya nini ngumi yake bora ilipokosa kuleta jibu.

Kwa Mwakinyo pambano hilo ni la Novemba 2019 jijini Dar es Salaam, dhidi ya Mfilipino Arnel Tinampay. Kijiwe chetu hakilitaji kabisa. Hulitaja la Birmingham, hulitaja la Indongo, kisha huruka. Tinampay alitembea mbele bila kujali, akala ngumi na kuendelea kuja. Pambano likaenda raundi zote 10, Mwakinyo akapewa ushindi kwa pointi, na wapo waliotoka uwanjani wakibishana kama alistahili. Mtu aliyelitazama lile kwa jicho la uhakiki alijua jambo ambalo raundi mbili za Birmingham haziwezi kumwambia mtu: kwamba Mwakinyo hupenda nafasi. Akiwa na nafasi ya kupima, mkono wake wa kulia ni hatari ya kweli. Akinyimwa nafasi na kulazimishwa kufanya kazi kila dakika, hupigana kama mtu anayesubiri kengele.

Na Kiduku? Yeye ushindi wake mkubwa wa nyumbani, yote miwili dhidi ya Mbabe, ulikwenda kwa majaji. Wapinzani wake hulitumia hili kumdharau, wakisema hana ngumi ya kumaliza. Mimi nalisoma kinyume. Mtu aliyemshinda mtu yuleyule mara mbili kwa pointi amekwisha kukutana mara nyingi na raundi ambazo mpango wa kwanza umeshindikana, na amejifunza kuzivuka. Hilo ni jambo kubwa. Ila napunguza kidogo, kwa sababu mara mbili dhidi ya mtu mmoja si sawa na mara mbili dhidi ya watu wawili.

Lazima nikiri kwamba kanuni yangu hii ina tundu, na tundu lenyewe linaitwa Francis Ngannou. Vijana wetu siku hizi hutazama sana mapigano yale ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, na Ngannou wanamjua kuliko mbunge wao. Mkameruni huyu, aliyechimba mchanga akiwa mtoto na kuvuka jangwa na bahari kwenda Ulaya, alipata pambano lake baya Januari 2018 huko Boston, alipoishiwa pumzi na kupoteza kwa Stipe Miocic katika raundi tano. Kwa kanuni yangu ningemfungia faili hapo. Machi 2021 alimwangusha Miocic yuleyule katika raundi ya pili na kuchukua mkanda. Kisha Januari 2022, akiwa na goti bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa kumkamata na kumlaza chini, yeye ambaye kila mtu alisema hajui kingine ila kurusha ngumi moja. Pambano baya linaweza kumfundisha mtu. Mtabiri anapaswa kuuliza si tu nini kilimshinda bondia siku ile, bali alikwenda kufanya nini kesho yake. (Vijana wamebishana miaka juu ya Ngannou na Jon Jones. Ngannou aliiacha UFC Januari 2023, Jones akautwaa mkanda uliobaki wazi Machi mwaka uleule, na ubishi ukabaki mikononi mwao kama karanga zisizo na mnunuzi.)

Je, Mwakinyo alijifunza? Tarehe 3 Septemba 2022 alipanda ulingoni na Liam Smith jijini Liverpool. Katika raundi ya nne alipiga goti, na pambano likaishia hapo. Baadaye alilalamikia viatu na kifundo cha mguu. Nchi ilimcheka vibaya, na kijiwe chetu kilimcheka kuliko nchi. Kicheko kile kiliniudhi. Sisi tuliozaliwa na watu waliokimbia ili wabaki hai tungekuwa wa mwisho kumwita mwoga mtu aliyeona mguu haumbebi akaamua kuondoka mzima. Lakini uungwana ni jambo moja na uhakiki ni jambo la pili. Smith alikuja na kazi ileile ya Tinampay, kusogea na kubana, akiwa bora zaidi, na Mwakinyo hakuonyesha jibu jipya kabla mguu haujasema neno lake.

Basi nitoe utabiri wangu, kwani mhakiki asiyetoa hukumu ni mpiga soga tu. Swali ambalo hakuna kijiweni aliyeniuliza ni la uzani. Mwakinyo alimpiga Indongo akiwa katika uzani ambao mwisho wake ni kilo 69.85. Kiduku amezoea uzani wa juu zaidi. Katika ngumi raundi ya kwanza hupiganwa ofisini, wakati wa kuandika mkataba, na mwenye kushinda hapo huingia ulingoni akiwa tayari na pointi mkononi. Kama mwaka 2021 wangekubaliana kilo 72 na nusu, ningesema Kiduku kwa pointi, raundi nne za mwanzo zikiwa za Mwakinyo, na Kiduku akila ngumi moja au mbili za kumfanya ashike kamba, kisha akianza kusogea na kupiga tumboni hadi kengele ya mwisho. Kama wangemlazimisha Kiduku ashuke hadi 69.85, akauke kama samaki wa ziwani ili apite kwenye mzani, ningegeuza hukumu yangu yote: Mwakinyo, kabla ya raundi ya saba.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote jioni moja tukipanga majani ya tumbaku. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Sasa Mjomba, wewe ungeweka shilingi ngapi?” Nikamwambia anipe kwanza karatasi ya mzani.